Kupima ubongo kwa mwanga wa infraredi bila kudanganywa na taa yako mwenyewe: mwongozo kamili kutoka Kisumu

Stima ikipotea usiku huku Manyatta, washa tochi ya simu uifunike na kidole, utaona kidole kinawaka nyekundu. Rangi zingine zote damu na nyama zimezimeza, nyekundu ndiyo imepenya. Ukisonga mbele kidogo kupita hiyo nyekundu, kati ya urefu wa wimbi wa nanomita 650 hivi na 950, kuelekea infraredi, macho yanaanza kushindwa kuona lakini mwanga ndio unapenya hata zaidi, unapita ngozi, unapita fuvu, unagusa juu ya ubongo na sehemu ndogo sana inarudi nje. Frans Jöbsis alionyesha hii kitu kwa jarida la Science mwaka wa 1977 na tangu hapo watu wamekuwa wakivalisha wenzao kofia za taa, wanasoma damu ya ubongo kupitia mfupa.

Mimi nimeshughulika na kifaa kimoja cha LED, chaneli nane (chaneli ni pahali pamoja pa kupimia, taa zake na sensa yake), hapa Kisumu. Naandika hii ju tulitupa data ya wiki tatu. Wiki tatu! Watu walikuja, wakakaa, wakafanya mazoezi ya kukumbuka maneno, grafu zikatoka maridadi kabisa, mpaka siku moja mtu akavalisha hiyo kofia kipande cha plastiki na plastiki nayo "ikafikiria". Kwa hivyo mwongozo huu hautakufundisha venye utapata matokeo mazuri, utakufundisha venye utajua kama ni ya kweli.

Kwanza elewa unapima nini

Hemoglobini ndiyo hubeba oksijeni kwa damu, na yenye oksijeni na ile isiyo na oksijeni zinameza mwanga tofauti. Zinakutana karibu na nanomita 800. Chini ya hapo isiyo na oksijeni ndiyo inameza zaidi, juu ya hapo ni yenye oksijeni. Ndiyo maana vifaa vina taa za angalau urefu wa wimbi mbili, moja kila upande, mara nyingi 760 na 850. Sehemu ya ubongo ikianza kazi, damu mpya inaletwa nyingi kuliko ile inatumika, kwa hivyo yenye oksijeni inapanda na isiyo nayo inashuka kidogo, na kilele kinafika kama sekunde tano au sita baadaye.

Vifaa vya bei ya watu kama sisi vinatoa mwanga wa nguvu ile ile na vinapima tu umerudi kiasi gani. Hivi vinakuonyesha mabadiliko, si kiwango kamili. Mtu akikuambia kifaa cha aina hii kimempa kiwango kamili cha oksijeni kwa ubongo, muulize amekipata wapi. Ziko mashine zinazopiga mwanga kwa mapigo mafupi sana au kwa masafa ya juu na zinapima mwanga ulichelewa kiasi gani njiani, hizo zinaweza kukadiria kiwango, lakini bei yake wacha tu.

Sasa hesabu moja, na hii usiiruke ju ndiyo imebeba kila kitu kingine.

Tuseme ubongo umefanya kazi kweli: yenye oksijeni imepanda maikromolari 1 (kipimo cha wingi wake ndani ya damu na nyama), isiyo nayo imeshuka 0.3. Umbali kutoka taa hadi sensa ni sentimita 3, na kwa vile mwanga hauendi moja kwa moja, unazungukazunguka kama matatu ikitafuta abiria, unazidisha na 6 hivi kwa mtu mzima, njia inakuwa sentimita 18. Namba za umezaji, yaani kila moja inameza mwanga kiasi gani, kwa 760 ni 586 kwa yenye oksijeni na 1,548 kwa isiyo nayo. Kwa 850 ni 1,058 na 691. Ukipiga hesabu, mwanga wa 760 unaorudi unapungua nusu asilimia, na wa 850 unapungua asilimia tatu na nusu. Basi. Hiyo ndiyo "fikra" yote unayoitafuta.

Geuza sasa. Ubongo haujafanya chochote ila LED yako ya 850 imefifia asilimia 1 ju imepata joto. Weka kwa hesabu ile ile: yenye oksijeni "imepanda" 0.30, isiyo nayo "imeshuka" 0.12. Angalia hiyo tena polepole. Moja juu, ingine chini, kwa uwiano unaokaribia ule wa kitabu. Taa iliyochoka haitoi upuuzi unaoonekana ni upuuzi, inatoa kitu kinafanana na ubongo kabisa. Na LED nyingi za infraredi hupoteza karibu nusu asilimia ya mwanga kwa kila digrii moja ya joto, kwa hivyo digrii mbili zinatosha kukutengenezea mtu anayefikiria.

Ndicho kilichotumaliza sisi. Tulikuwa tunawasha mashine, tunamwambia mtu apumzike, alafu anaanza kazi. Kupumzika taa ikiwa baridi, kazi taa ikiwa moto. Kila mtu, kila siku, mpangilio ule ule.

Hatua ya 1: jua taa yako, usiamini karatasi

LED imeandikwa 760 lakini inaweza kuwa 755 au 770, na haitoi wimbi moja, inatoa mkanda wa nanomita kama 25 hadi 40 kwa upana. Leza ni nyembamba zaidi, chini ya nanomita mbili, lakini nayo wimbi lake linahama na joto. Hii ina maana gani? Ikiwa taa yako ni 770 na wewe umeweka namba za 760, umezaji wa isiyo na oksijeni umetoka 1,548 ukaingia karibu 1,312, yaani umekosea kama asilimia 15 kabla mgonjwa hajakaa. Tafuta spektromita, mashine ya kupima urefu wa wimbi wa mwanga. Idara za fizikia au kemia za vyuo huwa nayo, omba nusu saa tu, pima kila taa ikiwa moto kwa kiwango cha stima utakachotumia, andika namba kwa daftari. Taa kumi na sita zitakuchukua asubuhi moja.

Na kama bado unachagua taa, ziweke mbali na mbali. Jozi ya 780 na 830 inaonekana sawa lakini ukipiga hesabu, uwezo wake wa kutenganisha hizo hemoglobini mbili ni chini ya nusu ya ule wa 760 na 850, na kelele yote inakuzwa kwa kiasi hicho.

Kuona kama taa inawaka, tumia kamera ya simu, ile ya mbele mara nyingi ndiyo inaona vizuri. Usichungulie na jicho. Infraredi haikufanyi upepese, jicho halijui linaumia, na kwa leza hiyo si mchezo.

Hatua ya 2: kichwa bandia

Huwezi kujua mashine inayumba kiasi gani ukiwa umeifunga kwa kichwa cha mtu, ju mtu mwenyewe anayumba. Unahitaji kitu hakina damu. Maabara kubwa zinamimina resini yenye poda nyeupe ya titani na wino mweusi kidogo, au zinatumia Intralipid, yale mafuta ya dripu, iliyochanganywa na maji na wino. Sisi tulinunua ubao mweupe wa plastiki wa kukatia mboga pale soko la Kibuye, ile minene, tukazipanga tatu. Plastiki hiyo inatawanya mwanga vizuri sana. Haimezi kama kichwa kinavyomeza, kwa hivyo punguza nguvu ya taa sensa isishibe, na usiitumie kutafuta namba kamili. Kwa kupima kuyumba inatosha kabisa.

Funga kofia kwa ubao, funika na kitambaa cheusi, washa mashine ikiwa baridi na uache irekodi saa moja. Chora grafu. Yetu ilishuka haraka dakika kumi za kwanza, ikaendelea kuteleza mpaka kama dakika ishirini na tano, alafu ikatulia. Kwa hivyo sheria yetu: nusu saa ya kupasha moto kabla mtu yeyote kuvaa kofia, na taa zinaendeshwa kwa mkondo usiobadilika, si kwa volti tu. Yako itakuwa na namba zake, zipime. Feni pia iangalie, ikielekezwa kwa kofia inapuliza taa ikizunguka na utaona grafu inapumua. Kisumu saa nane mchana chini ya mabati nyumba inaweza kupanda digrii tano ndani ya saa mbili, weka kipimajoto mezani na uandike.

Hatua ya 3: giza, jua na taa za dari

Zima taa zote za kofia, soma sensa. Hiyo namba ndiyo giza lako. Inafaa kuwa ndogo na isitikisike. Kisha fungua pazia. Namba ikiruka, jua limeingia, na jua la hapa karibu na ikweta lina infraredi ya kutosha kuzamisha kila kitu. Kofia nyeusi ya pili juu ya ile ya kwanza, mapazia mazito, na mtu akae mgongo kwa dirisha. Kifaa kizuri kinapima giza kila mara kati ya kuwasha taa moja na nyingine na kuliondoa. Chako kama hakifanyi hivyo, fanya kwa programu.

Taa za dari ni ujanja mwingine. Stima yetu ni ya hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na balbu nyingi zinapepesa mara mbili kila mzunguko, kwa hivyo mara 100 kwa sekunde. Ukisoma sampuli 10 kwa sekunde unafikiri hutaona hiyo, kumbe stima ikiteleza kidogo ikawa kama 100.1, sampuli zako zinaikamata kama wimbi la polepole la hezi 0.1, na hezi 0.1 ndipo shinikizo la damu lenyewe huwa linatikisika. Tuliwahi kuona hili wimbi likitokea ghafla katikati ya kipindi, tukashangaa, kumbe stima ilikuwa imeenda na jenereta ikaingia. Siku hizi tunazima taa za dari na kifaa kinatumia betri.

Hatua ya 4: je, sensa inasema ukweli?

Hii ni ya bure na karibu hakuna mtu anaifanya. Kwa ubao, washa taa A peke yake, andika. Washa B peke yake, andika. Washa zote mbili. Ukitoa giza, zote mbili lazima ziwe A jumlisha B. Kama A ni 1,200 na B ni 900 na zote pamoja zinakupa 1,950 badala ya 2,100, sensa imeshiba na kila mabadiliko makubwa utayasoma madogo. Punguza nguvu, rudia.

Hatua ya 5: nywele

Hapa nitakaa, ju vitabu vingi vya hii kazi viliandikwa na watu wanaopima vichwa vya nywele laini. Melanini, ile rangi ya mwili, inameza mwanga, iwe ya ngozi au ya nywele, na inameza zaidi kwa mawimbi mafupi, kwa hivyo taa ya 760 inaumia kuliko ya 850. Si jambo la kupuuza: mwaka wa 2020 utafiti wa Marekani kwa vile vipimo vya oksijeni vya kidole ulionyesha wagonjwa weusi walikuwa na upungufu wa oksijeni uliofichika karibu mara tatu zaidi ya wazungu. Mabadiliko yanayopimwa mtu kwa mtu yanavumilia zaidi kwa sababu rangi ya ngozi haibadiliki katikati ya kipimo, lakini mwanga ukipungua kelele inapanda, na nywele nene chini ya sensa ni ukuta.

Mtindo bora ni matuta au laini zilizonyooka, ju kati ya laini na laini ngozi iko wazi. Panga taa na sensa zikae kwa hiyo mistari. Mwambie mtu siku mbili kabla, si akishafika. Wigi inatoka, weave ya kushonwa haitapita mwanga, usijidanganye. Nywele fupi tenganisha na kijiti cha pamba, weka jeli kidogo ya wazi, subiri, tenganisha tena. Tulikuwa na mama mmoja, nikamwambia, "Mama, tutagusa nywele kidogo hapa nyuma ya sikio, ni sawa?" Akaniangalia kwa kioo. "Mwanangu, hizi nimesuka jana. Ukifungua hata moja utanilipia zote." Tukacheka, lakini alikuwa na haki, na tangu siku hiyo gharama ya kusukwa iko kwa bajeti. Ukiwaacha nje watu wote wenye nywele ngumu, matokeo yako yatakuwa ya wanaume walionyoa tu, na uandike hivyo waziwazi.

Hii kazi imefanyika Afrika tayari, watoto wachanga wa kijiji cha Keneba huko Gambia walipimwa na matokeo yakachapishwa 2014, kwa hivyo mtu asikuambie haiwezekani mashambani.

Kuweka kofia: pima na futi ya fundi kutoka shina la pua hadi kifundo cha nyuma ya kichwa, nusu yake ndiyo utosi, kisha sikio hadi sikio. Kofia ikivutika, sentimita 3 zinakuwa 3.2, na milimita mbili hizo ni karibu asilimia 7 ya njia ya mwanga, na mwanga unaorudi nao unapungua sana, karibu mara kumi kwa kila sentimita unayoongeza. Pima umbali kofia ikiwa kichwani.

Hatua ya 6: tafuta moyo

Kabla ya kazi yoyote, mtu akae kimya dakika moja. Kwa kila chaneli unafaa kuona mapigo ya moyo, karibu moja kwa sekunde, kwa mawimbi yote mawili. Chuja kati ya hezi 0.5 na 2.5 kisha linganisha 760 na 850: zikienda pamoja kwa uhusiano (correlation) wa 0.75 kwenda juu, sensa imeshika ngozi. Zisipoenda pamoja, rudi kwa nywele. Kama baada ya dakika kumi moyo hauonekani, iache hiyo chaneli, usiiombee.

Hatua ya 7: jaribio la mkono

Hapa ndipo utajua kama ishara zako zimesimama wima, kupanda ni kupanda na kushuka ni kushuka. Weka taa na sensa juu ya mkono chini ya kiwiko, funga mkanda wa presha juu ya kiwiko, pandisha kama 50 juu ya presha yake ya juu, kwa dakika mbili au tatu. Damu haiingii, haitoki. Yenye oksijeni lazima ishuke, isiyo nayo ipande, jumla ikae karibu pale pale. Achilia, zote zinageuka kwa fujo. Kwetu chaneli ya tano ilifanya kinyume, tukakuta nyaya za 760 na 850 zimebadilishana. Jaribio hili liwe kwa mtu mzima mwenye afya na mtu aliyefunzwa akiwa karibu. Huku upande wa ziwa seli mundu iko kwa familia nyingi, uliza kwanza, na mwenye seli mundu au shida ya damu kuganda usimfunge.

Hatua ya 8: kipindi chenyewe

Karatasi za maadili, kibali cha NACOSTI (tume ya Kenya inayotoa vibali vya utafiti) na idhini ya mtu ziwe tayari, data ya kichwa cha mtu ni data yake. Changanya mpangilio, kazi isije kila mara baada ya pumziko la urefu ule ule. Ukiweka sekunde tano kazi na tano pumziko, kila mzunguko unachukua sekunde kumi, yaani hezi 0.1, umejifunga kwa lile wimbi la shinikizo la damu na hutajua gani ni gani. Sisi tunaweka pumziko kati ya sekunde 14 na 24 bila mpangilio. Anza na kugonga vidole vya mkono wa kulia ukipima upande wa kushoto, ju hiyo inajulikana inafanya nini. Kama hiyo haionekani usikimbilie mambo ya kumbukumbu.

Weka pia sensa fupi, milimita 8 kutoka taa. Hiyo inaona ngozi pekee. Mtu akiogopa hesabu, damu ya paji la uso inapanda pia, na sensa ndefu inachanganya zote. Ondoa ile fupi kutoka kwa ile ndefu ndipo uongee.

Hatua ya 9: hesabu ya mwisho

Makosa matatu ninayoyaona kila wakati. Moja, namba za umezaji nilizotaja ni za logi ya kumi, ukitumia logi asilia bila kurekebisha umekosea mara 2.3. Mbili, ile 6 ya kuzidisha si ya kila mtu, inabadilika na umri na ni kubwa kidogo kwa 760 kuliko 850. Ukikosea kwa zote sawasawa, ukubwa tu ndio unaharibika, ukikosea uwiano wake hemoglobini moja inavuja kwa nyingine. Tatu, sehemu ndogo tu ya ile njia ya sentimita 18 ndiyo imepita kwa ubongo, kwa hivyo maikromolari zako ni ndogo kuliko ukweli, zilinganishe ndani ya mtu yule yule na usizipeleke kwa mwingine kama presha.

Mtu akivua kofia, kabla ya chai, rudisha kofia kwa ubao dakika tano. Kama 850 imehama zaidi ya nusu asilimia kutoka asubuhi, kipindi chote kina alama ya swali. Ukurasa wetu wa mwisho kwa daftari unasoma hivi: Alhamisi, saa nane mchana, digrii 31 ndani, stima imekaa, ubao umeshuka 0.2 kwa nusu saa, mama amerudi na matuta mapya, chaneli saba kati ya nane zinaonyesha moyo. Ya nane iko juu ya fundo nyuma ya sikio. Hatukuigusa.